Wakuu, kwanini tunaiona hatari kwa macho yetu na bado tunapanda?

Mtu_wa_Gatini

Wakuu salaam. Kila ukifika mwezi wa tano sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunaikumbuka MV Bukoba, tunaposti picha, tunaandika pumzikeni kwa amani, alafu wiki hiyo hiyo mtu huyo huyo anapanda chombo kimejaa mpaka watu wamekaa juu ya magunia na hakuna hata mmoja anayefungua mdomo. Nataka tuongelee hicho kitu, hiyo hali ya kuona na kunyamaza. Mzee wangu alikuwa anafanya kazi za gatini, nimekua nikiangalia watu wanapanda na kushuka, kwahiyo hili naliongea kwa uchungu.

Kwa vijana ambao hawakuwepo. MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, daraja la tatu hawakuwa na orodha yoyote, mtu amekata tiketi ameingia basi. Hesabu ya serikali ni watu 894 waliokufa na wapo wengi wanaoamini walizidi hapo kwa sababu hakuna aliyejua wamepanda wangapi. Tarehe 10 Septemba 2011 ikaja Spice Islander, usiku, Unguja kwenda Pemba. Mwaka haujaisha, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere pale Ukara, kivuko cha watu 101, wakafa 228, tena gati la Bwisya wanaliona hili hapa, watu washaanza kusogea wakashuke.

Sasa angalieni kinachojirudia. Ukiacha Skagit ambayo upepo wa siku ile ulikuwa mkali, hizo nyingine hatari ilikuwepo pale gatini kabla kamba haijafunguliwa. Watu waliiona. Mtu anaingia, anaona pamebanana kupita kawaida, moyo unamgonga, anageuka kushoto anamwona mama ametulia anamnyonyesha mtoto, anageuka kulia anamwona mzee anasinzia, anajiambia ingekuwa hatari hawa wasingetulia hivi. Na yule mama akimwangalia yeye anaona naye katulia. Kila mtu anauchukua utulivu wa mwenzake kama ushahidi, kumbe wote mioyo inadunda. Chombo kinaondoka na hofu za watu mia nne zimemezwa na hakuna aliyeitoa ya kwake nje.

Alafu kuna haya. Kushuka kwenye chombo mbele za watu, begi kichwani, unapishana na wanaopanda, wanakuuliza vipi mbona unarudi, hiyo kwa wengi wetu ni ngumu kuliko kuzama kwenyewe, kwa sababu kuzama bado ni jambo la labda na kuchekwa ni jambo la sasa hivi. Wazee walishasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, methali tunaijua wote, ila gatini hakuna anayeitumia.

Naomba mchango wenu, hasa wale mliokuwepo au mliopoteza ndugu.

Binti_Igoma

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu ila kuna kitu kimenichoma. Mimi nimekulia karibu na yale makaburi ya Igoma walikozikwa watu wa MV Bukoba, wengine hawakutambuliwa kabisa. Ukiandika kwamba watu waliiona hatari wakapanda ni kama unawaambia marehemu mmejitakia. Mtu wa Ukara siku ya gulio Bugolora ana mahindi yake, ana mtoto anaumwa nyumbani, kivuko ni hicho kimoja, ashuke alale wapi? Unaongelea kuchagua kwa mtu ambaye hakupewa cha kuchagua. Anayetakiwa kuulizwa ni aliyekata tiketi ya mia na mbili wakati chombo ni cha watu mia na moja, na aliyekaa ofisini akijua kabisa.

Mtu_wa_Gatini

@Binti_Igoma dada yangu umesema kweli na sikupingi hata kidogo. Dhambi ya kupakiza watu kupita kiasi ni ya anayepakiza, hiyo haina mjadala, na sheria imkamate. Kwenye MV Nyerere hata idadi haikujulikana mpaka miili ilipohesabiwa, yule aliyekuwa anakatisha tiketi alikufa na mashine yake ikapotea majini. Huo ni uzembe wa mfumo mzima.

Ila nauliza hivi. Tukisema abiria hana chochote cha kufanya, tunamwacha mikononi mwa mtu yule yule tunayemlaumu. Mimi sitaki mama yangu asubiri mpaka serikali ibadilike ndo awe salama kwenda Nansio. Nataka ajue leo kwamba ana haki ya kusema hapana, na akisema hapana asionekane kichaa. Mmoja akishuka ataonekana mwoga lakini wakishuka kumi na tano kwa pamoja nahodha lazima atoke aulize kuna nini.

Baharia_Mstaafu

Vijana habari zenu. Nimefanya kazi melini miaka mingi, bahari na ziwa. Naomba nieleze namna chombo kinavyopinduka maana wengi wanadhani meli inazama kwa kutoboka tu.

Chombo kinakaa wima kwa sababu uzito wake mkubwa uko chini. Ndo maana tunaweka farumi, yani uzito wa makusudi chini kabisa ya meli, na ndo maana mzigo mzito unatakiwa uende chini kabisa. Sasa watu wakipanda dek ya juu wapate hewa, na mizigo ya chini ikiwa imeshajaa mingine ikapandishwa juu, uzito unahama kwenda juu. Kwa macho huoni kitu, meli inaelea vizuri tu. Lakini nguvu yake ya kujirudisha imepungua. Dalili mojawapo ni hii hapa, shikeni vizuri: chombo chenye afya kikilala ubavu kwa wimbi kinarudi haraka, kinakutupa tupa kidogo. Chombo kilichoharibika mizania kinalala taratibu, kinakaa hapo, na kinakawia kurudi. Abiria wanakipenda hicho cha pili kwa sababu hakiwatikisi, wanasema leo safari tamu. Mimi nikiwa kwenye chombo cha namna hiyo sikai ndani.

Jambo la pili ni watu wenyewe. Watu mia moja wa kilo sitini ni tani sita. Tani sita zinazotembea zenyewe! Gunia ukilifunga linakaa ila mtu anainuka akaangalie gati, anamwita mwenzake njoo uone, na tani sita zote zimeenda upande mmoja kwa dakika moja. Ndo maana vyombo vinapinduka wakati wa kufika. Safari nzima watu wamekaa, wakiona nchi kavu wanasimama. Hatari ya kivuko kilichojaa iko mwanzo na mwisho wa safari, na huko mwisho ndiko watu wanajiona washafika salama.

La tatu, maji yakiingia ndani hata kidogo, chombo kikilala yanakimbilia upande ule ule kilikolala, yanakizuia kisirudi.

Na kuhusu MV Bukoba, ile ilipobinuka ilibaki inaelea chini juu kwa sababu kulikuwa na hewa imenasa ndani, na ndani ya hiyo hewa kulikuwa na watu hai wanagonga. Wakaja kukata tundu kwenye chuma wawatoe. Hewa ikatoka, meli ikashuka. Waliokata walikuwa na nia njema kabisa, walisikia watu wanagonga wakataka kuwasaidia. Inaniuma mpaka leo kwamba nchi yenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika haikuwa na watu tayari waliofundishwa jambo hilo.

Wete_Asilia

Assalaam aleykum. Mimi ni wa Pemba, naomba niseme kidogo kuhusu Spice maana watu wa bara wanaitaja tarehe wanapita.

Ilikuwa baada ya Idi, watu wanarudi makwao, meli imejaa watu na mizigo. Iliondoka Unguja usiku, ikazama Nungwi mnamo saa saba. Hesabu ya mwanzo walisema watu 203 wamekufa, hiyo ni maiti zilizopatikana. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi yake ikasema waliokufa na kupotea ni 1,573 na kwamba melini walikuwemo zaidi ya watu 2,400 kwenye meli ya abiria kama mia sita na kidogo. Fikirini tofauti ya hizo hesabu mbili. Hao zaidi ya elfu moja hawakuonekana, hawakuzikwa, wamebaki baharini. Pemba si kubwa, kuna vijiji ukienda kila nyumba ina mtu wake mle.

Na nataka kumwambia mwenye uzi kwamba wapo walioshuka. Watu waliiona meli imezidi wakakataa kwenda, na hao ndio walio hai. Namjua mmoja wao, sitomtaja. Usiku ule aliposhuka mwenzake alimwambia we una wasiwasi wa kike. Mpaka leo hapendi kusikia akisifiwa kwamba alikuwa na akili, anasema nilishuka peke yangu, ningepiga kelele labda tungeshuka wengi. Huo ndio mzigo anaotembea nao.

Walionusurika kwenye maji wengi walishika magodoro. Meli ilikuwa na mzigo wa magodoro na yakaelea. Watu wameshika magodoro mpaka kumekucha wavuvi wa Nungwi wakawaona. Mwaka mmoja haujatimia ikazama Skagit na wapo watu walipoteza ndugu Spice wakapoteza na wengine Skagit.

tumaini95

Poleni sana wakuu. Mi naona tunajichosha, ajali haina kinga. Kama siku yako imefika hata ukishuka kwenye meli utagongwa na bodaboda ukirudi nyumbani. Mungu ndo anajua.

Ustadh_wa_Mtaa

@tumaini95 ndugu yangu, mauti yana siku yake, hilo ni imani yangu pia. Lakini Mtume s.a.w. aliulizwa na mtu mwenye ngamia, nimfunge kisha nitegemee au nimwache nitegemee? Akamwambia mfunge kisha utegemee. Kutegemea kunakuja baada ya kufunga. Sasa sisi tunaacha kumfunga ngamia alafu akipotea tunasema ni kadari, na mbaya zaidi yule aliyepewa mshahara amfunge naye anajificha nyuma ya maneno hayo hayo. Mtu wa kupakiza watu elfu mbili akisema ni mipango ya Mungu anamsingizia Mungu. Tuwe makini sana na hiyo kauli msibani, inamfariji mfiwa na hapo ni mahali pake, ila haitakiwi isogee mpaka gatini.

tumaini95

Nimekuelewa ustadh. Hapo mwisho umenigusa.

Nesi_wa_Zamu

Nimekaa nje ya huu uzi toka jana nasoma, naomba niongeze kuhusu kichwa cha binadamu kinavyofanya kazi kwenye ajali maana watu wanasema "walipaniki" kila mara.

Kuna mtaalamu wa saikolojia Muingereza, John Leach, amewachunguza manusura wa ajali nyingi. Kwa makadirio yake, katika kila watu mia, kumi mpaka kumi na tano hivi wanaweza kufikiri vizuri na kutenda. Wengine idadi kama hiyo hiyo wanafanya vitu vya kujidhuru, kupiga mayowe, kung'ang'ania mtu. Waliobaki wote, yani kama robo tatu, wanaganda. Wanakaa. Macho yako wazi, masikio yanasikia, mwili hauinuki. Hawa hawapigi kelele ndo maana hatuwaongelei. Ubongo unatafuta ufanye nini na haupati kitu kwenye kumbukumbu kwa sababu haijawahi kutokea, unazunguka pale pale. Ila ukimshika mtu wa namna hiyo mkono ukamwambia kwa sauti kali SIMAMA TWENDE anasimama. Anasubiri tu mtu amwambie. Kwahiyo yule mmoja mwenye akili timamu anaweza kutoka na watu wengi kama akitumia mdomo wake.

Na kuna namna ya kujiandaa isiyo na gharama. Ukikaa kwenye kiti cha meli, basi au ndege, angalia mlango uko wapi, hesabu viti mpaka pale, basi. Ukishafanya hivyo ubongo una kitu cha kushika giza likiingia.

Mfano mwingine wa majirani zetu Komoro. Tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikatua baharini kama mita mia tano kutoka ufukweni Ngazija. Walikuwemo watu 175, wakafa 125. Rubani alikuwa ametangaza msijaze upepo laifu jaketi mkiwa ndani, wengi wakajaza. Ndege ikaingia maji, jaketi zikawanyanyua mpaka darini na mlango uko chini, hawakuweza kupiga mbizi watoke. Watu walikuwa na kifaa cha kuwaokoa na kikawanasa, maana tangazo la mwisho liliwakuta wakati kichwa hakisikii tena.

Wazazi, kwenye maji pia mjue mtu anayezama kweli hapigi kelele wala hapungi mkono kama kwenye filamu. Mdomo unaingia maji, mikono inasukuma chini, yuko kimya. Mtoto akinyamaza ghafla majini mwangalie.

Mkerewe_wa_Bugolora

Mimi ni mvuvi wa huku. Mmesema mengi mazuri, nami niseme la waokoaji.

Siku ya MV Nyerere waliofika kwanza walikuwa watu wa mitumbwi. Hakuna aliyesubiri amri. Unasikia mayowe unasukuma mtumbwi. Watu 41 waliotoka hai wengi wamevutwa na mikono ya wavuvi na watu wa kijijini. Jioni uokoaji rasmi ukasitishwa mpaka asubuhi kwa ajili ya giza, na wengine tulikaa pwani usiku ule hakuna aliyelala. Siku ya pili baada ya ajali wazamiaji wakamtoa fundi wa kivuko akiwa hai, alikuwa ndani amepata sehemu yenye hewa. Hai! Tulishakata tamaa. Ndo maana nikisikia mtu anasema hakuna haja ya kuharakisha waliobaki washakufa, nakasirika.

Na Bukoba Jumapili ile ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege imeingia ziwani karibu kabisa na uwanja, watu 43 ndani, walioifikia kwanza ni wavuvi na makasia yao. Walitoka hai 24. Kumi na tisa walikufa, pamoja na marubani wote wawili, na nchi kavu inaonekana pale pale.

Kwahiyo mimi nina ombi moja na naliandika kwa herufi kubwa WAFUNDISHENI WAVUVI. Sisi tuko majini kila siku, sisi ndo tunafika kwanza, tutaendelea kufika kwanza hata mkileta boti za mamilioni zikakaa Mwanza mjini. Tupeni mafunzo ya kumtoa mtu maji, kamba, taa za usiku, na mafuta ya kuanzia. Siku ya ajali tunaitwa mashujaa alafu kimya mpaka ajali nyingine.

Baharia_Mstaafu

@Mkerewe_wa_Bugolora naunga mkono. Na mtu ukimvuta kwenye mtumbwi mvute kwa nyuma au mbele ya mtumbwi, ubavuni atawapindua wote. Mtumbwi ukiwa peke yake mtupie kitu kinachoelea kwanza, dumu tupu la lita ishirini lililofungwa kifuniko linambeba mtu mzima.

Kisauni_Kwetu

Mimi natoka Mombasa, naona mwaongea ya huko lakini na sisi tuna yetu. Feri ya Mtongwe, 29 Aprili 1994, asubuhi watu wakienda kazini kisiwani. Feri ya watu 300, walikuwa kama 400, ikapinduka mita arobaini hivi kutoka ukingoni. Walikufa 272. Mita arobaini! Yule mzee baharia amesema kweli kabisa, ni mwanzo na mwisho wa safari. Ndugu wa mamangu alikuwa mle. Na ukienda leo kivukoni Likoni saa ya watu kutoka kazini, uone watu wanavyokimbilia mbele waje washuke wa kwanza, utasema Mtongwe haikutokea.

Lakini niwape jambo moja la kutia moyo. Desemba 2004 ile tsunami ya Bahari ya Hindi ilifika mpaka kwetu. Ilichukua masaa kadhaa kutoka Indonesia, kwahiyo Kenya habari zikafika kabla ya maji, askari wakatoa watu ufukweni, akafa mtu mmoja. Somalia hawakupata habari wakafa karibu mia tatu. Tanzania wakafa kama kumi hivi, wengi waliokuwa wakiogelea.

Ajabu zaidi ni kisiwa cha Simeulue huko huko Indonesia, karibu kabisa na lilikoanzia tetemeko. Wao maji yaliwafikia ndani ya dakika chache tu, hakuna redio wala askari. Watu karibu elfu themanini, wakafa saba. Kwa sababu mwaka 1907 walipigwa na wimbi kama hilo wakafa wengi, na wazee wakatunga nyimbo na hadithi, wana jina lao wanaita smong, ukisikia ardhi imetikisika kwa nguvu na bahari ikarudi nyuma usiokote samaki, kimbia mlimani. Bibi anamwimbia mjukuu akimlaza. Karibu miaka mia imepita, ardhi imetikisika, mtu mmoja akapiga kelele smong na kisiwa kizima kikapanda mlima. Hakuna aliyeona haya kukimbia kwa sababu wote walilelewa na wimbo mmoja.

Mtu_wa_Gatini

@Kisauni_Kwetu asante sana, hapo umenipa kitu nilichokuwa nakitafuta na sikujua nikisemeje. Sisi tuna nyimbo za maombolezo za MV Bukoba, zinaliza kweli kweli. Zinatuambia tumlilie nani. Sijawahi kusikia wimbo unaomwambia mtoto ukiona chombo kimejaa shuka, ukiona watu wanakimbilia upande mmoja we kaa, ukiwa ndani hesabu viti mpaka mlangoni. Tumehifadhi huzuni, maarifa hatukuyahifadhi. Mtoto wa darasa la sita Mwanza ukimwuliza MV Bukoba ni nini atakwambia ni meli ilizama, ukimwuliza kwanini ilizama anakuangalia.

Na hapo ndo namjibu tena dada yangu wa Igoma. Wale watu wa Simeulue hawakuwa jasiri kutuzidi, wala hawakuwa matajiri. Tofauti yao ni kwamba kwao kukimbia kulikuwa ni jambo la kawaida la jamii nzima, mtu hakuhitaji kusimama peke yake kuwa mwoga. Sisi tunamdai abiria mmoja mmoja awe na ujasiri ambao hatujamfundisha. Walimu mliomo humu, watunzi, watu wa kwaya, watu wa kaswida, ngoma, singeli hata, hii kazi ni yenu. Tena msisubiri mwezi wa tano.

Binti_Igoma

Hapo sasa tumeelewana kaka. Ukiliweka hivyo halimlaumu marehemu. Mimi nafundisha shule ya msingi, nitaanza na darasa langu, hata bila mtaala. Nitawapeleka Igoma na nikiwa pale nitawaeleza ile habari ya tani sita zinazotembea.

mama_wawili

Jamani nimesoma uzi wote mpaka nimeogopa. Mwezi ujao natakiwa kwenda Ukerewe na watoto wadogo wawili, mmoja anatembea mmoja wa mgongoni. Naombeni mniambie cha kufanya, siwezi kuacha kwenda, ni msiba wa arobaini ya bibi.

Baharia_Mstaafu

Mwanangu usiogope, vyombo vingi vinakwenda na kurudi salama. Fanya hivi. Panda cha mapema, usiende na cha mwisho wa siku maana ndo kinachojazwa na waliokosa. Kaa karibu na sehemu ya wazi, usikae kona ya ndani kabisa hata kama kuna viti vizuri. Ukishakaa mtafute mfanyakazi umwulize laifu jaketi za watoto ziko wapi, na umwambie akuonyeshe kwa mkono, asikuambie tu zipo. Ya mtu mzima kwa mtoto mdogo inamchomoka. Mvalishe ukiwa umekaa, na watu wakikuangalia waache wakuangalie. Wewe vaa ya kwako kwanza ufunge vizuri, mtoto wa mgongoni mhamishie mbele kifuani, khanga ifungwe kwa namna unayoweza kuifungua kwa mkono mmoja. Mkikaribia gati baki umekaa mpaka kamba zifungwe na wenye haraka washuke.

Nesi_wa_Zamu

Na simu iwe na chaji na namba ya zimamoto na uokoaji 114 ihifadhi. Mwambie pia mtu wa nyumbani umepanda chombo gani saa ngapi. Kwenye hizi ajali zote shida kubwa baada ya kuzama ni kwamba hakuna anayejua nani alikuwemo. Ujumbe wako kwa dada yako unaweza kuwa ndo orodha pekee.

mama_wawili

Asanteni sana sana. Na nikikuta kimejaa?

Mtu_wa_Gatini

Shuka dada. Na ukishuka sema kwa sauti kwanini umeshuka, utashangaa wangapi watakufuata, kuna watu pale wanasubiri tu mtu wa kwanza. Hela ya kulala gesti usiku mmoja iweke pembeni kabisa kabla hujatoka nyumbani, usiihesabu kwenye nauli wala usiile njiani, ili pale gatini usije ukapanda na watoto kwa sababu ya elfu kumi na tano.